Bomu "dogo", chai ya Kericho na mwezi ambao Kenya ilikalia kiti

Baada ya mada mbili tatu za kompyuta mfululizo, leo naomba tuingie kwenye historia. Msihofu, mambo ya kompyuta yatajitokeza njiani, maana mwandika programu hawezi kujificha.

Swali la leo ni hili: nchi moja ikitumia bomu dogo la nyuklia vitani, nchi nyingine zitafanya nini? Ukitafuta jibu utakuta karibu kila mtu anaanzia Washington, Moscow au Beijing. Mimi nataka tuanzie kwetu, kwenye vilima vya chai vya Kericho na Bomet. Nina sababu mbili. Kwanza, mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai ya Kenya ni Pakistan, nchi ambayo imetengeneza silaha za aina hiyo hasa. Pili, mwaka 1998, dunia ilipolazimika kujibu milipuko ya nyuklia ya India na Pakistan, aliyekalia kiti cha Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa alikuwa Mkenya. Hii ya pili nimeona watu wengi hawaijui, hata hapa nyumbani.

Bomu "dogo" ni lipi hasa?

Silaha za nyuklia hugawanywa mafungu mawili. Kuna za kimkakati, za kuangamiza miji na kambi za adui aliye mbali, hata bara jingine. Halafu kuna za kimbinu, zilizokusudiwa uwanja wa vita: kupiga kikosi cha vifaru, daraja au uwanja wa ndege. Nguvu yake hupimwa kwa kilotani, na kilotani moja ni sawa na mlipuko wa tani 1,000 za TNT. Bomu la Hiroshima lilikuwa kama kilotani 15. Silaha za kimbinu nyingine ziko chini ya hapo, nyingine zinapita. Kwa hiyo neno "dogo" lisikudanganye. Ni dogo likilinganishwa na makubwa zaidi, basi.

Tangu Nagasaki, 9 Agosti 1945, hakuna nchi iliyolipua bomu la nyuklia juu ya adui. Hatuna mfano wa moja kwa moja wa jinsi dunia ingejibu. Tulicho nacho ni majaribio, vitisho na ajali, na humo ndimo inabidi tuchungulie.

Pakistan ilijaribu kombora liitwalo Nasr kwa mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 2011. Masafa yake wakati huo yalikuwa kilomita 60, umbali ambao matatu inakimbia kwa saa moja. Hilo si kombora la kupiga Delhi. Ni la kuzuia vifaru vya India vikivuka mpaka. India kwa upande wake ilitangaza msimamo wake tarehe 4 Januari 2003: haitaanza yeye kutumia nyuklia, lakini ikipigwa kwa nyuklia, nchi yake au majeshi yake popote yalipo, jibu litakuwa kubwa na lenye madhara yasiyovumilika.

Hebu tusome hayo kama programu. Sharti la kwanza linasema: vifaru vikiingia, tumia dogo. Sharti la pili linasema: dogo likitumika, jibu kwa kubwa. Na kubwa likitumika, kila mtu anajua sharti la tatu. Ukiniletea programu ya namna hiyo nitakuuliza swali moja tu: inasimamia wapi? Hakuna mstari uliosema "acha". Wataalamu wengi wa mambo ya vita wanakubaliana hapo, kwamba shida ya bomu dogo iko kwenye kile kinacholifuata.

Kutoka Mogogosiek hadi Karachi

Sasa chai inaingiaje? Kwa msomaji ambaye hajawahi kufika kwetu, safari ya jani ni hivi. Linachumwa asubuhi, linapimwa kituoni, linapakiwa kwenye lori hadi kiwandani: Litein, Kapkatet, Momul au Tegat upande wa Kericho, Kapkoros, Tirgaga, Kapset au Mogogosiek upande wa Bomet. Huko linanyaushwa, linasagwa kwa mashine za CTC, linachachushwa, linakaushwa na kupangwa kwa madaraja. Kisha magunia yanateremka hadi Mombasa, kwenye mnada.

Mnada wa Mombasa huuza kwa dola. Mkulima hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo ya majani mabichi, halafu mwisho wa mwaka anasubiri bonasi, na bonasi inategemea bei ya mnada. Wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa, yaani sisi, tumezoea bonasi ndogo kuliko wenzetu wa mashariki, wa Murang'a na Kirinyaga. Kwa hiyo senti chache zikipungua Mombasa, huku zinasikika.

Na nani ananunua? Kwa miaka ya karibuni, zaidi ya thuluthi moja ya chai inayotoka Kenya imekuwa ikienda Pakistan. Chembe ndogo ngumu za CTC ndizo wanazozipenda kwa chai yao nzito ya maziwa. Misri, Uingereza na wengine wanafuata kwa mbali.

Uhusiano huu si wa kinadharia. Juni 2022, Pakistan ilipokuwa imeishiwa fedha za kigeni, waziri wao Ahsan Iqbal aliwaomba wananchi wapunguze kikombe kimoja au viwili vya chai kwa siku ili kuokoa dola. Mwanzoni mwa 2023 makontena ya bidhaa, chai ikiwemo, yalikwama bandarini Karachi kwa sababu benki hazikuwa na dola za kulipia. Hapo hakuna risasi iliyopigwa. Ilikuwa ni upungufu wa fedha tu, na mnada wa Mombasa ukauhisi.

Mei 1998

Turudi nyuma sasa. Jumatatu tarehe 11 Mei 1998, India ililipua mabomu matatu chini ya ardhi huko Pokhran, jangwa la Rajasthan. Siku mbili baadaye ikalipua mengine mawili.

Uenyekiti wa Baraza la Usalama huzunguka kila mwezi kwa kufuata alfabeti ya Kiingereza ya majina ya nchi. Kenya ilikuwa mjumbe wa Baraza kwa miaka ya 1997 na 1998. Aprili ilikuwa zamu ya Japani, Juni ingekuwa ya Ureno. Mei ilikuwa ya Kenya. Balozi Njuguna Mahugu ndiye aliyekuwa na nyundo mkononi.

Tarehe 14 Mei, Baraza likatoa tamko la mwenyekiti kulaumu vikali majaribio ya India. Tamko la mwenyekiti haliji hivi hivi. Wajumbe wote 15 lazima wakubaliane na kila neno, na mwenyekiti ndiye anayehangaika kuwapatanisha. Kisha macho yote yakageukia Pakistan: je, itajibu? Marekani ilibembeleza, Japani ilibembeleza. Tarehe 28 Mei Pakistan ikalipua ya kwake katika milima ya Chagai. Kesho yake, tarehe 29, Baraza likatoa tamko la pili, bado chini ya Kenya. Tarehe 30 Pakistan ikalipua tena.

Tarehe 6 Juni, Ureno ikiwa kitini, Baraza likapitisha Azimio 1172 bila kupingwa. Kenya ilipiga kura ya ndiyo. Azimio lililaani majaribio yote, likazitaka nchi hizo mbili zisilipue tena, na likazihimiza nchi nyingine zisiwauzie vifaa na ujuzi wa mabomu na makombora.

Sasa tazama hali ilivyokuwa. Tayari wakati huo Pakistan ilikuwa miongoni mwa wateja wakubwa wa chai yetu. Na hapa kuna Kenya, nchi isiyo na hata kinu kimoja cha umeme wa nyuklia, imekaa kwenye kiti cha mbele kabisa ikimlaumu mteja wake kwa jina mbele ya dunia nzima. Je, mteja alisusa chai? Hapana. Biashara iliendelea, na miaka iliyofuata Pakistan ikazidi kununua.

Kwa nini? Jibu langu ni kwamba Kenya haikusema peke yake. Sauti ilikuwa ya watu 15: Marekani, China, Urusi, Brazil, Gabon, Gambia, wote. Mteja hawezi kuisusia dunia nzima. Nitalirudia jambo hili chini, kwa sababu naona ndilo somo kubwa kuliko yote.

Ngano iliponea dirishani

Maneno yalitoka haraka. Fedha je? Sheria ya Marekani ilimlazimu Rais Clinton kuweka vikwazo dhidi ya nchi zote mbili. Japani ilikata mikopo. Nchi tajiri zikakubaliana kuzuia mikopo mipya isiyo ya kibinadamu. India ilikuwa na uchumi mpana, ikastahimili. Pakistan iliumia: siku ileile ya tarehe 28 Mei serikali yake ilifunga akaunti za fedha za kigeni za watu benki, kwa hofu kwamba kila mtu angekimbilia dola zake.

Lakini angalia kilichotokea upande wa pili. Pakistan ilikuwa mnunuzi mkubwa wa ngano nyeupe inayolimwa kaskazini-magharibi mwa Marekani, jimbo la Washington na majirani zake. Vikwazo vilizuia mikopo ya serikali iliyokuwa ikitumika kununulia ngano hiyo. Wakulima wakapiga kelele. Wabunge wao wakasikia. Tarehe 14 Julai 1998 Clinton alitia saini sheria iliyoitoa ngano na mazao mengine nje ya vikwazo. Kuanzia mlipuko wa Chagai hadi saini hiyo ni siku 47.

Vikwazo vingine viliondolewa tarehe 22 Septemba 2001, siku chache baada ya mashambulizi ya New York na Washington, kwa sababu Marekani iliihitaji Pakistan kwa vita vya Afghanistan. Adhabu iliyotangazwa kwa sauti kubwa iliisha kwa zaidi ya miaka mitatu kidogo.

Mimi simlaumu mkulima wa ngano. Alitetea shamba lake. Ninachosema ni kwamba yeye alikuwa na mtu wa kumpigia simu, na mtu huyo alikuwa na kura. Mkulima wa ekari moja ya chai Konoin, siku vikwazo vikubwa vikiwekwa dhidi ya mteja wake, atampigia nani? Hakuna seneta wa Marekani anayetafuta kura Bomet.

Afrika iliwahi kujibu kwa vitendo

Isidhaniwe kwamba nchi ndogo hazina cha kufanya zaidi ya maneno. Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza Reggane, katika Sahara ya Algeria, kama kilotani 70, hewani, si chini ya ardhi. Ghana ya Nkrumah ikazuia mali za Wafaransa. Baada ya mlipuko wa tatu, Desemba 1960, Nigeria, iliyokuwa na uhuru wa miezi mitatu tu, ikamfukuza balozi wa Ufaransa na kukata uhusiano. Ufaransa haikuacha majaribio kwa sababu hiyo. Ila ilihama: kwanza ikaingia chini ya ardhi kwenye milima ya Hoggar, mwishowe ikaondoka Algeria kabisa mwaka 1966 na kwenda Polynesia.

Hasira ile ndiyo iliyozaa tamko la OAU la Cairo, Julai 1964, la kuitaka Afrika isiwe na nyuklia. Nalo tamko lilichukua miaka 32 kuwa mkataba. Mkataba wa Pelindaba ulitiwa saini Cairo tarehe 11 Aprili 1996 na kuanza kutumika tarehe 15 Julai 2009, jirani zetu wa Burundi walipokuwa nchi ya 28 kuuridhia. Kenya ni mwanachama. Wenye mabomu nao walitakiwa kuahidi kwamba hawatazipiga nchi za mkataba huu kwa nyuklia. China, Ufaransa, Uingereza na Urusi waliridhia ahadi hiyo. Marekani imetia saini, Seneti yao haijaridhia.

2022: kiti tena

Kwa bahati ya kalenda, Kenya ilikuwa kwenye Baraza tena miaka ya 2021 na 2022. Wengi mnakumbuka hotuba ya Balozi Martin Kimani usiku wa tarehe 21 Februari 2022, kuhusu mipaka tuliyoachiwa na wakoloni na kwa nini Afrika iliamua kuishi nayo badala ya kuipigania. Siku tatu baadaye Urusi ikaivamia Ukraine. Tarehe 27 Februari Rais Putin akaamuru vikosi vyake vya nyuklia vikae tayari. Tarehe 21 Septemba akatoa kitisho kingine, wazi zaidi.

Nchi zilijibuje? Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu lilipiga kura kulaani uvamizi: 141 ndiyo, 5 hapana, 35 zikajizuia. Kenya, Rwanda na Kongo zilisema ndiyo. Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini zikajizuia. Yaani hata Afrika Mashariki yetu hii, yenye jumuiya moja, haikuwa na jibu moja.

Lakini kuhusu nyuklia yenyewe mambo yalikuwa tofauti. Marekani ilisema hadharani kwamba kutumia silaha hizo kungeleta maafa kwa Urusi, bila kufafanua maafa gani. Ikafafanua faraghani, kwa Warusi wenyewe. Tarehe 4 Novemba 2022 Rais Xi wa China, akiwa na Kansela Scholz wa Ujerumani, alipinga kutumia au kutishia kutumia nyuklia. Tarehe 16 Novemba viongozi wa G20 huko Bali wakaandika kwamba matumizi na vitisho vya nyuklia havikubaliki. India ilikuwemo, China ilikuwemo, wanunuzi wakubwa wa mafuta ya Urusi. Hawakujiunga na vikwazo, lakini neno hilo walilisema.

Hatuwezi kupima ni kiasi gani maneno hayo yalizuia kitu. Ila jambo moja liko wazi: jibu lilitolewa kabla ya tendo. Nadhani ndilo jibu lenye thamani kubwa zaidi, kwa sababu baada ya tendo kila nchi inaanza kuhesabu ngano yake.

Hitilafu

Sasa tuingie kwenye mambo yangu. Tarehe 9 Machi 2022, dunia ikiwa inaitazama Ukraine, kombora la India aina ya BrahMos lilifyatuka bila kukusudiwa, likaruka kilomita 124 ndani ya Pakistan na kuanguka karibu na mji wa Mian Channu. Halikuwa na kichwa cha vita, na hakuna aliyekufa. India ilisema ni hitilafu ya kiufundi wakati wa matengenezo ya kawaida. Agosti mwaka huo ikawafukuza kazi maofisa watatu wa jeshi la anga kwa kutofuata utaratibu.

Nchi mbili zenye mabomu ya nyuklia, moja inatuma kombora kwa mwenzake kwa bahati mbaya. Pakistan ilijizuia, ikadai maelezo na uchunguzi wa pamoja, ikaishia hapo. Tushukuru. Lakini wenzangu mnaoandika programu mnajua: mfumo ukinusurika mara moja haina maana kwamba uko salama. Maana yake ni kwamba mara hiyo hapakuwa na msongamano. Siku hiyohiyo, kombora hilohilo, kukiwa na mapigano mpakani, nani angesubiri maelezo?

Halafu kuna suala la kujua kilichotokea. Dunia ina mtandao wa mitambo ya kunasa milipuko ya nyuklia: mitetemo ya ardhi, mawimbi ya sauti ya chini ambayo sikio halisikii, sauti za baharini, na chembe za mionzi hewani. Kenya ina kituo cha mitetemo Kilimambogo, karibu na Thika, na kituo cha sauti za chini Nairobi. Tanzania ina cha kunasa mionzi Dar es Salaam. Data zote zinakwenda Vienna. Ni mfumo mzuri sana, lakini bomu dogo linausumbua. Yale majaribio mawili ya India ya tarehe 13 Mei 1998 yalikuwa madogo kiasi kwamba mitambo ya mitetemo ya dunia haikuyanasa. Tulijua kwa sababu India yenyewe ilitangaza. Mlipuko wa hewani ungekuwa rahisi zaidi kuujua, maana kuna setilaiti, sauti na mionzi. Lakini "rahisi zaidi" si sawa na "papo hapo", na ahadi ya jibu kubwa haisubiri ripoti ya maabara.

Mei 2025, na simu ya baba mdogo

Tarehe 22 Aprili 2025 watu 26 waliuawa Pahalgam, Kashmir. Tarehe 7 Mei India ikashambulia maeneo ndani ya Pakistan. Siku nne za ndege, makombora na droni zikafuata, hadi mapigano yaliposimamishwa tarehe 10 Mei. Asubuhi ya siku hiyo habari zilienea kwamba Pakistan imeitisha kikao cha mamlaka yake ya nyuklia. Baadaye waziri wa ulinzi akasema hakuna kikao kama hicho.

Katikati ya siku hizo baba mdogo alinipigia simu kutoka nyumbani. Yeye ana chai, mimi ndiye "mtu wa kompyuta" wa ukoo, kwa hiyo nadhaniwa kujua kila kitu. Hakuuliza habari za Kashmir. Aliuliza: "Hawa wakipigana kabisa, majani yetu yatakwenda wapi?"

Nilimwambia nitamtafutia jibu. Makala hii ndiyo jibu lenyewe, limechelewa kidogo.

Ikitokea kweli

Tukiunganisha yote hayo, naona majibu ya dunia yangekuja kwa tabaka.

Siku ya kwanza ni maneno. Baraza lingekaa. Lakini tofauti na 1998, huenda mmoja wa wenye kura ya turufu angekuwa na rafiki wa kumlinda, na tamko la watu 15 lisipatikane. Hapo ndipo nchi ndogo zingebaki kila moja na sauti yake, na kila sauti ina bei.

Bei hiyo tumeiona. Machi 2025 serikali ya Sudan ilipiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo, kwa hasira kwamba Nairobi iliwakaribisha wapinzani wake wa RSF. Hapo Kenya ilikuwa peke yake, na chai ikaadhibiwa. Linganisha na 1998: maneno makali zaidi, mteja mkubwa zaidi, na chai haikuguswa.

Wiki ya kwanza ni fedha. Benki zingeacha kulipana na Pakistan, bima ya meli za Karachi ingepanda au kukosekana kabisa. Mnada wa Mombasa ungefunguka bila mnunuzi wake mkubwa. Chai ikikosa mnunuzi hulala ghalani, na tuliwahi kuiona hiyo wakati wa bei ya chini iliyowekwa kuanzia 2021, magunia yalipojaa Mombasa. Lakini mchai hausubiri siasa. Usipochuma baada ya wiki moja hadi mbili, jani linakomaa na halifai tena.

Mwaka wa kwanza ni hewa. Mionzi ya mlipuko mmoja wa Punjab, zaidi ya kilomita 5,000 kutoka kwetu, si jambo la kwanza la kumtia mkulima hofu. Hata hivyo chai ina historia yake na mionzi: mwaka 1986, baada ya Chernobyl, iliingia kwenye mashamba ya Rize, Uturuki; na mwaka 2011, baada ya Fukushima, chai ya Shizuoka ilikutwa na mionzi kupita kiwango ingawa shamba liko zaidi ya kilomita 300 kutoka kwenye vinu. Jani la chai hupokea kila kinachoanguka, na wanunuzi huogopa haraka.

Kibaya zaidi ni lile dogo likiita kubwa. Mwaka 2007 wanasayansi wakiongozwa na Alan Robock walipiga hesabu kwa kompyuta: mabomu 100 ya ukubwa wa Hiroshima yakipigwa kwenye miji ya India na Pakistan, moshi wa miji inayoungua ungepandisha tani milioni 5 za masizi angani na kuipoza dunia kwa zaidi ya digrii moja kwa miaka kadhaa. Waliochuma chai Kericho Januari 2012 wanakumbuka jalidi ilivyoyaunguza majani kwa usiku chache tu. Sasa piga picha ya miaka.

Kwa hiyo?

Mimi si mwanadiplomasia, lakini nimeandika programu za kutosha kujua kwamba namna ya kushughulikia hitilafu huandikwa kabla ya hitilafu. Ningependa kuona Kenya na jirani zake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakikubaliana mapema, kwa maandishi, kwamba yeyote atakayetumia silaha ya nyuklia, hata iwe "ndogo", hata awe mteja, hata awe mfadhili, tutasema neno moja kwa pamoja siku hiyohiyo. Hatutakuwa tunajifunza kitu kipya: Mei 1998 tuliwahi kufanya hivyo tukiwa kitini, na kusema pamoja ndiko kulikoilinda chai.

Pili, thuluthi ya kapu isikae mkononi mwa mtu mmoja. Hilo hata bila mabomu ni busara.

Tatu, vikwazo vikijadiliwa popote, mkulima mdogo awe na mtu mezani. Wa ngano alisikika ndani ya siku 47. Wa chai anatakiwa awe na mtu hapo kabla siku hizo hazijaanza kuhesabiwa.

Baba mdogo, kama kijana amekusomea hii, jibu fupi ni: majani yangelala Mombasa, na tungepaswa kuwa tumejipanga kabla. Wengine, karibuni kwa maoni, hasa mlioko Kericho, Nandi na Kisii. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tunarudi kwenye hifadhidata.